Injini ya Mayatima: Somo la Amana Kutoka Gereji



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wazazi na wanafunzi wapenzi, tukizungumza juu ya amana mara nyingi fikra zetu huenda kwenye fedha tulizowekewa, siri tulizoambiwa, au mlinzi wa duka asiyeiba. Hayo ni kweli. Lakini iko amana nyingine ambayo hatuizungumzii sana madrasani wala majumbani, nayo ni amana ya kazi ya mkono inayofunikwa. Fundi seremala anaweza kuficha mbao mbovu nyuma ya kabati. Mjenzi anaweza kuficha saruji hafifu ndani ya ukuta. Na fundi wa magari akishafunga injini na kukaza bolti ya mwisho, hakuna anayeona alichoweka ndani ila yeye na Mola wake.

Nimeona niandike juu ya gari moja la zamani, Peugeot 504 ya kubebea mizigo, ambalo mwaka 2023 lilitusomesha watu wazima na vijana hapa Gitega masomo ambayo katika kitabu yangechukua miezi. Majina ya wahusika sitayataja, wala gereji, kwani lengo si kumuaibisha mtu.

GARI LENYEWE

Wasomaji vijana huenda hamzijui sana gari hizi. Peugeot 404 na ndugu yake 504 zilikuwa gari za Afrika hasa. Katika mbio za Safari Afrika Mashariki, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania. Nayo 504 ilishinda mwaka 1975. Ufaransa ilianza kuitengeneza 504 mwaka 1968, na hata ilipoacha, gari hizo ziliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria kwa miaka mingi. Siri ya sifa yake ni kwamba ni nzito, ni laini kwenye barabara mbovu, na injini yake inafunguka na kutengenezeka kwa spana za kawaida.

Injini ya 504 ya petroli ya lita mbili ina silinda nne, na kila silinda ni bomba la chuma linaloweza kutolewa. Mafundi wetu wa Burundi, kwa Kifaransa chao, huliita shemizi. Maji ya kupooza huizunguka shemizi moja kwa moja, na kwa chini huzuiwa na kiziba chembamba ili yasiteremke kwenye oili. Juu yake hukaa kulasi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita silinda hedi. Mfumo huu una faida kubwa: silinda ikiharibika huna haja ya kuchonga injini nzima, unatoa shemizi na kuweka nyingine. Lakini unadai usafi na kipimo. Uchafu kidogo tu chini ya shemizi, na maji yanapata njia.

Mwenye gari hili alikuwa mfanyabiashara aliyepeleka mizigo kati ya Muyinga na Gitega kwa njia ya Karusi. Alipofariki aliacha mjane na watoto wanne wadogo. Wazazi wake walikuwa wametangulia. Kwa hiyo mirathi ilikuwa wazi: mjane thumni, yaani sehemu moja ya nane, na sehemu saba zilizobaki ni za watoto, wa kiume fungu mara mbili ya wa kike. Ndugu yake marehemu, baba mdogo wa watoto, ndiye aliyekuwa wasii.

Injini ilikuwa imechoka. Wasii akaona kwamba gari likiuzwa hivyo halitapata bei, akatoa fedha katika mali ya watoto ili injini ifanywe upya kabla ya kuuzwa. Nia yake ilikuwa njema. Gari likarudi limepakwa rangi hadi kwenye injini, linang'aa. Baada ya wiki mbili likaanza kugonga.

HOJA ILIYONITIA HOFU

Mimi ni mwalimu wa madrasa, lakini utotoni nilishika spana za mjomba wangu pale Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao kila Mrundi anajua kwamba ukitafuta fundi au kipuri cha gari unaanzia huko. Ndiyo maana wasii alinijia baada ya Swala ya Isha.

Akaniambia, "Maalim, kuna mzee wa Muyinga anakuja Ijumaa kulitazama gari. Nimeambiwa tukiweka oili nzito na tukilipasha moto kabla hajafika, mgongo hausikiki. Nataka uniangalie tu kama litafika Muyinga salama."

Nikamwambia, "Na likishafika?"

Akanyamaza, kisha akasema neno ambalo ndilo sababu ya makala hii: "Maalim, hii si mali yangu. Ni mali ya mayatima. Ingekuwa yangu ningesema kweli nikapata hasara mwenyewe. Lakini kila faranga nitakayopunguza inatoka kinywani mwa watoto hawa. Je, sina wajibu wa kuwapatia bei nzuri?"

Ndugu msomaji, usiifanyie haraka hoja hii. Mtu huyu hakuwa mwizi. Hakuwa anatafuta chake. Alikuwa anaogopa aya za Suratun Nisaa zinazowatisha wanaokula mali ya yatima. Na shetani mara nyingi humwingia mtu mwema kupitia wema wake.

Nilimrudisha kwenye aya ya 152 ya Suratul An'aam. Humo Allah (S.W.) anatuamrisha tusiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora zaidi, na papo hapo, katika aya hiyo hiyo, anaamrisha kutimiza vipimo na mizani kwa uadilifu, na kusema kwa haki hata kama anayehusika ni jamaa wa karibu. Tazama vilivyowekwa pamoja: yatima na mizani! Hakuna mlango wa kusema kwamba kwa ajili ya yatima mizani inaweza kupinda. Njia iliyo bora kwa mali ya yatima haiwezi kuwa njia ya haramu.

Nikamkumbusha pia kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, kilichopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Zingatia kwamba mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lake ni kuuweka unyevu chini na ukavu juu. Oili nzito ndani ya injini inayogonga ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi njoo ulitazame. Na huyo mzee nitampigia simu mwenyewe."

UKAGUZI

Nilimwomba jambo moja: gari lisiwashwe kabla sijafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi, kwa hiyo ukienda kununua gari, kitu cha kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ukikuta moto, uliza kwa nini.

Nilichukua wanafunzi watatu wakubwa wa madrasa. Tukaanza na kijiti cha oili. Oili ilikuwa nzito kuliko kawaida. Chini ya kifuniko cha kujazia oili palikuwa na utando mweupe kama mtindi. Utando huo peke yake si ushahidi kamili, kwani gari linalokwenda safari fupi fupi katika baridi yetu ya milimani linaweza kuwa nao kutokana na mvuke. Lakini maji ya rejeta nayo yalikuwa yamepungua, na hakuna tone lililoonekana chini ya gari.

Basi tukafanya jaribio rahisi. Gari lilikuwa limelala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, yatakuwa yamekaa chini kabisa. Nikalegeza nati ya kumwagia oili taratibu. Kabla ya oili kutoka, yakatoka maji, karibu nusu kikombe cha chai. Mwanafunzi mmoja akasema, "Subhanallah."

Kwa maji yale sikukubali injini iwashwe na oili ile. Tukaimwaga, tukaweka nyingine ya uzito unaofaa, tukaiwasha kwa muda mfupi tu. Taa nyekundu ya oili ilichelewa kuzimika, na mgongo mzito ukasikika kutoka chini, ule ambao mafundi wanaujua kuwa ni wa beringi za krenkishafti. Nyuma ukatoka moshi wa buluu. Vijana, shikeni hili: moshi mweusi maana yake petroli nyingi, wa buluu maana yake oili inaungua, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto maana yake maji yanaingia.

Kisha tukapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Hapa mafundi wengi hukosea kwa sababu wanalinganisha na namba za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani. Gitega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 au zaidi kidogo. Kwa hiyo geji itasoma chini hata kwa injini nzima. Muhimu zaidi ni silinda zote zilingane. Tatu zilisoma kati ya bar 8 na 9. Ya tatu ilisoma 5. Tukamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi yake na kupima tena, ikapanda. Ikipanda hivyo, kasoro iko kwenye ringi za pistoni. Isingepanda tungeangalia valvu au gasketi ya kulasi.

Mzee wa Muyinga alifika Ijumaa kama alivyosema. Wasii akamweleza yote mbele yetu, hata yale maji tuliyoyakinga kwenye kikombe akamwonyesha. Nilimwona jasho likimtoka. Mzee akatazama kikombe, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, nimenunua magari matatu maishani mwangu, na wewe ni wa kwanza kuniambia ubaya wa gari lako. Fungueni, mtengeneze, mnionyeshe. Kisha tutasema bei." Akaswali Ijumaa pamoja nasi, akarudi kwake.

KILICHOKUWA NDANI

Kabla ya kufungua tulimwita fundi aliyeifanya injini. Hii ni adabu na ni haki yake, kwamba asihukumiwe asipokuwepo. Alikuja, kijana wa miaka kama 25, uso umemshuka. Hatukumfokea. Tukampa spana, tukamwambia afungue yeye.

Tulipoondoa sampo, kichujio cha kufyonzea oili kilikuwa kimezibwa nusu kwa nyuzi za silikoni. Aliipaka kwa wingi kila mahali ili isivuje, na ile iliyobanwa kwa ndani ikakatika na kuingia kwenye oili. Silikoni nyingi kwa nje huonekana kama kazi nzuri, kumbe kwa ndani inaikaba injini koo.

Tulipoinua kulasi, ukingo wa shemizi ya tatu ulikuwa chini kuliko zenzake. Ukingo wa shemizi unatakiwa uwe juu ya bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, ili kulasi ikikazwa iibane sawasawa. Tukaitoa. Viziba vya chini vilikuwa vile vile vya zamani, na kwenye kiti chake kulikuwa na ukoko wa kutu. Hapo ndipo maji yalipopita. Katika pistoni ya tatu, ringi ya juu ilikuwa imevunjika vipande viwili na kuikwaruza shemizi. Ililazimishwa kuingia. Ringi nyingine ilikuwa imegeuzwa, alama ya upande wa juu ikitazama chini.

La mwisho ndilo lililotuhuzunisha. Beringi za konrodi zilikuwa kuukuu, zimelika hadi shaba inaonekana, na nyuma ya mojawapo palikuwa na kipande cha bati la kopo kilichokatwa kwa mkasi ili kupunguza nafasi. Wasii akashika kichwa: "Na beringi mpya nilizolipia?"

Kijana akatoka, akarudi na boksi. Beringi mpya zote zilikuwamo, hazijaguswa. Akasema, "Baba mdogo, wallahi sikuziuza. Nilizijaribu hazikukaa, zilicheza. Nikaogopa kusema. Nikarudisha za zamani."

Nikageuza beringi kuukuu na kuwaonyesha wanafunzi mgongo wake. Ilikuwa imechongwa namba 0.30. Maana yake zamani krenkishafti ilishachongwa na kupunguzwa kwa sehemu 30 za mia za milimita, na inahitaji beringi nene zaidi. Mpya zilizonunuliwa zilikuwa za saizi ya kiwandani. Jawabu lilikuwa limeandikwa nyuma ya kile kipande alichokuwa amekishika mkononi. Hakuna aliyemfundisha kukisoma. Alijifunza kwa kutazama tu, katika gereji isiyokuwa na maikromita wala spana yenye kipimo cha nguvu.

HUKUMU YA FUNDI

Wanazuoni wametofautiana kuhusu fundi ambaye kitu kimeharibika mkononi mwake bila uzembe. Lakini aliyezembea au kuvuka mpaka, huyo analipa. Na iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara. Fundi naye ni tabibu wa chuma.

Kutojua kwake peke yake kungekuwa na udhuru kiasi. Lakini ile siku beringi zilipocheza alijua kwamba hajui. Njia ya halali ilikuwa wazi: kwenda kwa wasii na kusema, "Hapa nimekwama." Badala yake alikata bati. Kutojua si aibu, kukufunika ndiko kulikoivunja injini.

Watu waliokuwepo, kwa huruma, wakaanza kusema, "Tumsamehe kijana, naye ni maskini." Wasii mwenyewe akawa tayari. Hapo ikabidi niseme neno zito. Wasii hana haki ya kusamehe mali ya yatima, kama asivyo na haki ya kuila. Ukarimu kwa mali isiyo yako si ukarimu. Sehemu saba kati ya nane za hasara ile ni za watoto ambao hawajabaleghe, na msamaha wao hausihi.

Mjane alikuwa ndani akisikia. Akatuma neno kwa mwanawe mkubwa: "Mwambieni Maalim kwamba thumni yangu mimi nimemsamehe huyo kijana kwa ajili ya Allah. Ya wanangu sina uwezo nayo."

Wallahi nimefundisha mirathi kwa miaka mingi, na sijaona watu wazima wakatokwa machozi kwa sababu ya hesabu ya moja juu ya nane. Siku ile niliona.

Basi tukaandikiana: kijana atarudisha ujira aliopokea, isipokuwa sehemu ya mama, kwa mafungu ya kila mwezi, na atafanya kazi ya kuitengeneza upya bila malipo. Akakubali, na akashukuru kwamba hakupelekwa polisi.

MATENGENEZO

Krenkishafti ilipelekwa Bujumbura kupimwa kwa maikromita. Ilikuwa imeshakwaruzwa, ikachongwa hadi saizi inayofuata, 0.50, na beringi za 0.50 zikatafutwa Buyenzi. Zile mpya za saizi ya kiwandani zilirudishwa dukani. Shemizi na pistoni tukanunua seti nzima ya nne, kwani zinauzwa zikiwa zimelinganishwa.

Bloku ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, matundu ya oili yakasuguliwa kwa brashi na kupulizwa kwa hewa. Viti vya shemizi vilikwanguliwa hadi chuma kikang'aa. Viziba vya chini huuzwa kwa unene tofauti, kwa hiyo tulipima ukingo wa kila shemizi na kuchagua kinachofaa. Kisha tukazibana shemizi kwa vibanio, kwa sababu ukizungusha krenkishafti kabla kulasi haijakazwa, pistoni inaweza kuinua shemizi na kuharibu kiziba. Huenda hata hilo lilitokea mara ya kwanza.

Nafasi ya beringi tuliipima kwa uzi laini wa plastiki, ambao unabanwa ndani na kisha upana wake unasomwa kwenye kipimo. Kila ringi iliingizwa kwanza peke yake kwenye shemizi ili kupima pengo lake, na mapengo yakapangwa yasikae mstari mmoja. Kulasi iliwekewa rula ya chuma kuangalia kama imepinda. Bolti zikakazwa kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Silikoni tulitumia kidogo sana, na mahali panapohitaji tu.

Kijana alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, nami nikimsimamia baada ya darasa za asubuhi. Ilichukua karibu mwezi. Mara nyingi ilibidi tusubiri, maana wakati huo petroli nchini ilikuwa ya kupanga foleni, na safari ya Bujumbura haikuwa rahisi. Injini ilipowaka, taa ya oili ikazimika mara moja. Nikamwona kijana anasikiliza, akisubiri mgongo. Haukuja. Akainama akaanza kukusanya spana bila kusema kitu.

Mzee wa Muyinga alirudi. Tukampa karatasi yenye orodha mbili: vilivyobadilishwa, na visivyobadilishwa. Giaboksi haikuguswa, na tulisema hivyo. Allah (S.W.) ametuamrisha kuandika katika miamala ya deni, na kuandika katika biashara nyingine ni kinga pia. Akanunua. Bei ilikuwa chini ya ile aliyoitarajia wasii mwanzoni, kwa kuwa gharama ya kurudia kazi iliingia humo. Sitawadanganya kwamba walipata faida kubwa ya ajabu. Walichopata ni bei ya halali, na wasii analala usingizi. Gari liliendeshwa taratibu hadi Muyinga kwa njia ya Karusi, na mzee akausiwa kubadilisha oili mapema baada ya kilomita za mwanzo. Hakimu bin Hizam amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa.

NASAHA KWA FAMILIA

Kwa mwenye kupeleka injini kufanywa upya: andikianeni kabla ya kazi. Omba vipuri vya zamani urudishiwe, vyote. Fika wakati injini iko wazi, si baada ya kufungwa. Muulize fundi amepima nini na kwa chombo gani. Fundi mwaminifu hachukii maswali hayo.

Kwa mnunuzi: dai kuiona injini ikiwa baridi, iwashwe mbele yako, na usidanganyike na rangi. Injini hupakwa rangi kwa nje, lakini hukaguliwa kwa ndani.

Kwa wasii na walezi: andikeni kila faranga ya yatima inayotoka na kuingia, na wekeni mashahidi. Msiwe wepesi wa kutumia, wala wepesi wa kusamehe kisicho chenu.

Kwa wazazi: msimpeleke mtoto gereji awe anaosha vipuri miaka mitano bila kufundishwa kupima. Muulizeni fundi wake anamfundisha nini. Na nyinyi walimu wenzangu, mtoto anayekwenda ufundi anahitaji fiqhi ya amana na damana kama anavyohitaji fiqhi ya udhu, kwa sababu ndiyo atakayoitumia kila siku kuanzia asubuhi hadi Magharibi.

Na kwenu wanafunzi: jizoezeni tangu sasa kusema "sijui". Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, anajulikana kwa kuulizwa maswali mengi na kujibu mengi katika hayo kwamba hajui. Neno hilo lingesemwa mapema, lingeokoa injini nzima na mali ya watoto wanne.

Kijana yule bado ni fundi hapa Gitega. Alimaliza kulipa deni lake, na kitu cha kwanza alichonunua kwa fedha zake baadaye ni maikromita. Siku hizi ananitumia wateja wake waje kuniuliza kama anajua kazi. Nawajibu kuwa anajua, na asichokijua atawaambia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wakweli katika yanayoonekana na yasiyoonekana, azilinde mali za mayatima wetu, amrehemu marehemu, na aibariki riziki ya kila mwenye kuichuma kwa jasho la halali. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.